Kusepa Kirumba dakika ya 80: usaliti au akili tu?

Wakuu, kuna ubishi uliibuka kijiweni kwetu Kitangiri hapa Mwanza baada ya mechi pale uwanja wa CCM Kirumba na mpaka leo haujaisha. Fundi pikipiki mmoja kasema shabiki anayetoka uwanjani kabla ya kipyenga cha mwisho avuliwe jezi hapo hapo getini. Dereva bajaji akamjibu, wewe bro unatembea dakika kumi na tano upo kwako unakunywa chai, ungekuwa unakaa kule mbali Kisesa ungeongea hivyo? Watu tukacheka, ila nimekaa nalo hili jambo naona wote wawili wana pointi, shida ni kwamba kila mmoja alikuwa anamzungumzia mtu tofauti.

Tuanze na wa Kisesa maana ndo wengi. Mechi ya saa 10 jioni, weka mapumziko, weka dakika za majeruhi, unatoka saa 12 kasoro kidogo au 12 kabisa. Kigiza kinaingia karibu na saa 1. Sasa pale nje ya uwanja nyomi lote linamwagika kwa pamoja kwenye barabara ile ile ya Airport, daladala zinapita zimejaa mpaka konda ananing'inia, boda aliyekuleta kwa buku anakuangalia usoni anasema buku mbili na nusu kama hutaki acha, na wewe ukifika mjini bado una gari la pili la Buhongwa au Igoma. Mtu wa hivyo akisepa dakika ya 80 anapanda gari amekaa, akisubiri kipyenga anafika home saa 3 usiku na kesho saa 12 asubuhi anatakiwa awe Mwaloni kwenye dagaa. Huyo unamvua jezi kwa kosa gani? Na siku hizi ratiba inaangalia na runinga, mechi nyingine zinapigwa usiku, hapo ndo kabisa.

Zamani ilikuwa kali zaidi kwa watu wa ng'ambo. Mtu wa Sengerema au Geita aliyekuja kuangalia Simba au Yanga Kirumba alikuwa hana habari na saa ya refa, alikuwa anapigia hesabu pantoni ya Kigongo. Ukiikosa unakaa foleni unapigwa na upepo wa ziwa. Daraja la JP Magufuli pale Kigongo–Busisi, kilomita 3 na ushee, limefunguliwa Juni 2025, kwa hiyo jamaa zetu wa Sengerema hicho kisingizio kimekufa rasmi hahaha. Wa kisiwani Ukerewe wao hawana tatizo lolote, usafiri wa Nansio wa siku hiyo umeshapita, wanalala kwa ndugu, ndo maana ukiona mtu bado amekaa jukwaani wenzake wote wameondoka muulize kama sio wa Nansio.

Halafu kuna hili la usalama ambalo vijana hawapendi kulisikia. Mzee mmoja pale kijiweni, ameanza kuingia Kirumba toka miaka ya themanini, alisema yeye hatoki mapema kwa sababu ya gari, anatoka kwa sababu ya mlango. Na hajakosea. Mwaka 1971 kule Glasgow, uwanja wa Ibrox, watu 66 walikufa kwenye ngazi moja wakati wa kutoka mechi ya Rangers na Celtic. Watu walizusha kwamba walioondoka mapema walirudi mbio waliposikia goli la dakika za mwisho wakagongana na wanaotoka, yaani lawama zikabebeshwa waliosepa, uchunguzi ukaja kukataa hiyo stori, wote walikuwa wanashuka upande mmoja, ni msongamano tu. Accra 2001 watu 126, mechi ya Hearts na Kotoko, zimebaki dakika chache mpira uishe fujo ikaanza, polisi wakapiga mabomu ya machozi, watu wakakimbilia mageti yamefungwa. Kwa hiyo mzee mwenye miaka sitini na magoti mabovu akikwambia anatangulia kabla ya nyomi, muache atangulie.

Ila sasa.

Fundi pikipiki na yeye hakuwa anaropoka. Dakika za lala salama ndo mpira wenyewe, tumeshaona mara ngapi? Oktoba 2013 Yanga wanaenda mapumziko wanaongoza 3-0 dhidi ya Simba, kuna mashabiki wa Simba waliona siku imeshaisha, mpira ukaisha 3-3. Desemba 2018 Simba na Nkana, Ligi ya Mabingwa Afrika, Simba walipigwa 2-1 kule Zambia, marudiano huku wanaongoza 2-1, jumla 3-3, kila mtu kichwani ana penalti, Chama akaja kuweka kisigino dakika za mwisho ikawa 3-1 wakapita. Na usiku wa fainali ya mabingwa wa Ulaya 1999 pale Camp Nou, Bayern wanaongoza 1-0 dhidi ya Man United mpaka dakika 90, rais wa UEFA wa wakati huo, Lennart Johansson, akashuka kwenda kukabidhi kombe, kufika chini anaona walioshinda wanalia na walioshindwa wanacheza. Kama bosi wa mpira wa Ulaya nzima alipitwa na magoli mawili ya Man United wewe wa Nyakato ni nani.

Na siku hizi dakika 90 ni jina tu. Toka Kombe la Dunia la Qatar 2022 waamuzi waliambiwa wahesabu muda unaopotea kweli kweli, Uingereza na Iran ikaenda na nyongeza ya karibu nusu saa ukijumlisha vipindi vyote viwili. Agosti 2023 Arsenal wakasawazisha na Man City Ngao ya Jamii dakika ya 90+11. Kwa hiyo anayetoka dakika ya 80 hakosi dakika kumi, anaweza kukosa ishirini, hiyo ni karibu nusu ya kipindi, na ameilipia.

Kinachoniuma mimi zaidi lakini sio kukosa goli, hilo ni hasara yako mwenyewe. Ni kelele. Kuna wachumi walikaa na mechi za La Liga, kazi yao ikachapishwa 2005, wakakuta timu ya nyumbani ikiwa nyuma kwa goli moja refa anaongeza dakika karibu mara mbili ya zile anazoongeza ikiwa mbele kwa goli moja. Refa ni binadamu, anasikia. Na kipindi cha korona majukwaa yalipokuwa matupu faida ya kucheza nyumbani ilipungua kwenye ligi nyingi. Sasa wewe unasema unaipenda timu, iko nyuma 1-0 dakika ya 82, ndo muda pekee ambao mdomo wako una kazi, na ndo muda unaoamua kuwahi siti ya dirishani.

Hapa ndo naona Mwanza tuna kesi yetu tofauti. Simba au Yanga wakija Kirumba uwanja unajaa, akisepa mtu mia tano hakuna anayejua. Pamba Jiji, timu yetu ya hapa, je? Timu imepanda ligi kuu 2024 baada ya zaidi ya miaka 20, mji mzima ulikuwa unaimba TP Lindanda, jina lake la utani, halafu mechi ya kawaida na timu ya kawaida jukwaa la mzunguko unaweza kulihesabu. Pale wakiinuka watu hamsini mchezaji anawaona migongo. Anaona mpaka rangi ya kofia. Mwenye mashabiki wachache kila anayeondoka anaacha tundu.

Kuna wanaosema kuondoka ndo kura ya shabiki, timu ikicheza ovyo aoneshe kwa miguu, na kweli bora asepe kuliko arushe chupa ya maji. Hii naikubali nusu. Timu ikishapigwa nne na wachezaji wanatembea uwanjani, sawa nenda, ujumbe umefika. Ila wengi hawaondoki hapo, wanaondoka 1-0, au 0-0 kabisa eti mechi imepoa. Hiyo ni uvivu umevaa skafu ya timu.

Na mi sijipaki mafuta. Kuna mechi niliwahi kutoka dakika ya 84 hivi, timu yangu iko nyuma, nina hasira zangu, nimefika usawa wa daraja la Furahisha nikasikia mngurumo nyuma yangu. Nikasimama. Mngurumo wa nani? Ukiwa nje huwezi kujua, kelele ni kelele. Muuza mahindi mwenye redio ananiangalia anatabasamu, nikaona aibu hata kumuuliza, nikapanda gari. Nikaja kuambiwa na konda, tena mshabiki wa timu pinzani, kwamba tumesawazisha. Toka Furahisha mpaka Mkuyuni nimekaa kwenye ile siti yangu ya dirishani niliyoiwahi, naangalia ziwa tu.

Kwa hiyo wa Kisesa simlaumu, na mzee wa magoti simlaumu, wa 0-0 namlaumu sana na nimeshawahi kuwa yeye. Ninachofanya siku hizi ni ujanja wa kijinga tu, ikifika dakika ya 85 nainuka naenda kusimama juu ya ngazi karibu na geti, mguu mmoja ndani mwingine nje, naangalia mpira kwa shingo. Fundi pikipiki alinikuta hapo wiki iliyopita akaniuliza sasa wewe umetoka au umebaki. Nikamwambia subiri kwanza kuna kona.