Wati Sitini za Kwenye Boksi

Juma lililopita mpwa wangu alikuja nyumbani Nyakato na Corolla 110 yake, akitoka moja kwa moja kwa fundi, akaniamkia haraka haraka na kuniambia, "Mjomba, ingia usikilize muziki." Katikati ya dashibodi kulikuwa na redio mpya yenye kioo cha inchi 7, na kwenye kiti cha nyuma alikuwa ameliacha makusudi boksi lake ili nilisome: 4x60W, yaani wati 60 kwa kila moja ya spika nne. Wimbo ulipoanza nilisikia sauti kali na nyembamba isiyo na besi hata kidogo, na alipoiongeza ili kunishawishi, spika ya mlango wa abiria ikaanza kukwaruza. Akaniambia kwamba fundi amemhakikishia kuwa spika zitazoea.

Spika zilizokwisha hazizoei kitu. Zile za gari lake zilitoka Japani mwishoni mwa miaka ya 1990, zimekaa ndani ya mlango unaopitisha maji kila mvua inaponyesha, zimeungua kwa jua katika maegesho yasiyo na kivuli, na karatasi yake imelegea kiasi kwamba ukiigusa kwa kidole hairudi mahali pake. Mtu aliyetaka kuboresha muziki wa gari lile angeanza na hizo. Lakini katika mji wetu huu wa Mwanza, kuanzia Igoma hadi Kirumba, ukimwambia fundi kwamba unataka kufunga muziki, mkono wake wa kwanza unakwenda kwenye redio, kwa sababu redio ndiyo inayoonekana, ndiyo inayowaka taa, na ndiyo ambayo rafiki zako wataisifu kabla hata hujaiwasha. Nimechoka na jambo hili. Muziki wa gari la zamani hauharibiwi na redio ya kiwandani. Unaharibiwa na spika zilizochoka, milango yenye matundu na nyaya zilizokatwa ovyo, na fedha inayolipwa kwa ajili ya wati za kwenye boksi ni fedha iliyotupwa.

Nikiri, kwa shingo upande, kwamba redio ya Kijapani ina kasoro moja ambayo hakuna spika itakayoiponya. Wajapani walipanga FM yao kati ya megahezi 76 na 90, kwa kuwa masafa ya 90 hadi 108 yalitumiwa na chaneli ya kwanza hadi ya tatu za televisheni yao ya analojia, na hata baada ya televisheni hiyo kuzimwa mwaka 2011 na 2012, waliongeza FM hadi 95 tu, kuanzia Desemba 2014. Sisi tunatangaza hadi 108. Ndiyo maana gari linashuka melini na redio nzima isiyopata nusu ya stesheni, jambo ambalo ni aibu katika mji ulioizaa Radio Free Africa. Wengi hutatua hilo kwa kile kidude kinachofungwa kwenye waya wa antena ili kushusha masafa, lakini hesabu yake ni ya kinyonga: kidude cha kushusha megahezi 20 kinaifanya stesheni ya 98 isomeke 78, na kwa kuwa redio inaanzia 76, utapata kuanzia 96 kwenda juu, huku kila kilichopo kati ya 90 na 96 kikitoweka. Kwa hiyo anayesikiliza redio anayo haki ya kubadilisha redio. Anayesikiliza nyimbo za kwenye simu au flashi anayo haki pia, kwa kuwa deki ya kaseti haina mahali pa kuchomeka flashi. Wote wawili wanayo haki ya kubadilisha redio. Hawana sababu ya kulipia wati.

Na hapa kwenye wati ndipo ninapoomba msomaji avumilie, kwa sababu hesabu yenyewe ni ya darasani na kila mwenye kikokotoo kwenye simu anaweza kuifanya akiwa bado kaunta, kabla hajatoa pochi.

Gari likiwa linaunguruma, alteneta nzima hutoa takriban volti 14.4. Redio ya kawaida ya gari, ile inayokaa kwenye dashibodi, haina kifaa cha kuukuza umeme huo. Inautumia kama ulivyo. Spika ya gari kwa kawaida ina ukinzani wa omu 4. Katika mazingira hayo, wimbi safi la sauti lisilopasuka haliwezi kuzidi wati 26 kwa kila spika, hata kama redio hiyo ingeundwa na malaika, na kwa kuwa vipande vya ndani navyo hula volti kidogo, kinachofika kwenye spika ni wati 20 hivi. Redio ile ya kiwandani ambayo fundi aliing'oa na kumwambia mpwa wangu kwamba ni "dhaifu" nayo ilifuata sheria hiyo hiyo, kwa umeme huo huo.

Basi hizo 50 na 60 zinatoka wapi? Wati 50 zina asili yake, na asili hiyo inachekesha. Chukua volti 14.4, zizidishe kwa zenyewe, gawanya kwa omu 4, utapata karibu wati 52. Hiyo ndiyo nguvu ya juu kabisa inayopatikana redio inapolazimishwa kupita uwezo wake mpaka wimbi la sauti likakatwa kichwa na miguu na kubaki mraba. Kwa maneno mengine, 4x50W ni kipimo cha muziki uliokwisha kupasuka, nacho kinaandikwa kwenye boksi kwa maandishi makubwa kuliko jina la kiwanda. Lakini boksi la mpwa wangu halikuridhika hata na hapo. Ili upate wati 60 kwa njia hiyo hiyo ya sauti iliyoharibika, unahitaji volti 15.5, na alteneta inayotoa volti 15.5 ni alteneta mbovu inayochemsha betri. Mwenye boksi amevuka mpaka wa uongo wa kawaida akaingia kwenye uongo unaohitaji gari bovu ili uwe kweli.

Kuna ushahidi mwingine ambao hauhitaji hata kikokotoo. Geuza redio uangalie nyuma. Utaona fyuzi ndogo, nayo mara nyingi ni ya ampea 10 au 15. Ampea 10 kwa volti 14.4 ni wati 144, na huo ni umeme wote unaoingia, ukijumuisha unaowasha kioo na unaogeuka joto, ambao katika amplifaya za ndani ya redio nyingi ni karibu nusu. Wati 60 mara nne ni 240. Mtu anayekuuzia kitu kinachoingiza 144 na kutoa 240 hapaswi kuuza redio; anapaswa kupelekwa Kidatu akaongeze umeme wa gridi ya taifa.

Najua watakaonijibu kwamba muziki hupanda na kushuka, kwamba fyuzi huvumilia mshtuko wa muda mfupi, na kwamba kuna amplifaya za aina mpya zinazopoteza joto kidogo. Ni kweli, kwa kiasi. Hata hivyo zile 26 hazisogei, kwa kuwa zinatokana na volti na omu, na volti haibembelezwi. Viwanda vyenye heshima vinalijua hili, ndiyo maana mwaka 2003 Marekani ilipata kiwango cha CEA-2006 kinachotaka nguvu ipimwe kwa volti 14.4 na omu 4, bila sauti kupasuka zaidi ya asilimia moja. Tafuta neno RMS, yaani nguvu inayodumu, ndani ya kijitabu. Ukikuta 4x18 au 4x22, umekutana na mtu mkweli, na ukikosa neno hilo kabisa, kumbuka zile sabufa za nyumbani zilizoandikwa wati za PMPO, yaani za kilele cha mara moja, kwa maelfu huku zikila umeme kidogo kuliko pasi.

Kinachoniuma zaidi ya wati ni plagi. Nyuma ya redio ya Toyota kuna soketi mbili, moja ya pini 10 yenye umeme na spika za mbele, nyingine ya pini 6 yenye spika za nyuma. Madukani kuna plagi ya kuunganishia inayoingia humo na kutokea upande wa pili ikiwa na nyaya za redio mpya, na bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya redio. Fundi wa mpwa wangu hakuwa na habari nayo. Alikata soketi zote mbili, akamenya nyaya, akazisokota kwa vidole na kuzifunga kwa selotepu ambayo jua la kwanza litailegeza. Rangi za Toyota hazifanani na za redio za madukani: umeme wa kudumu ni waya wa bluu wenye mstari wa njano, wa swichi ni wa kijivu na wa bodi ni wa kahawia, wakati redio mpya inatumia njano, nyekundu na nyeusi. Anayekisia ndiye anayemwachia mteja redio inayosahau saa na stesheni kila gari linapozimwa au, vibaya zaidi, redio inayokunywa betri usiku kucha. Na siku ya kuuza gari, mnunuzi anayejua atapenyeza mkono nyuma ya dashibodi na kupunguza bei kwa haki kabisa.

Ukubwa nao ni suala dogo: nafasi ya redio katika Toyota nyingi ni milimita 200, redio za kawaida ni 178, na pengo hilo linazibwa kwa fremu ya plastiki, si kwa gundi.

Fedha ile ingepaswa kwenda mlangoni. Spika mpya za sentimita 16 zenye mpira mzuri pembeni, hata zikiendeshwa na redio ya zamani yenye wati zake 15, zitakushangaza kuliko kioo chochote. Lakini spika peke yake haitoshi kama mlango una matundu. Karatasi ya spika inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Hewa hizo mbili zikikutana kupitia tundu lililo wazi zinafutana, na kinachofutika kwanza ni besi. Ndiyo maana watu wanalalamika kwamba gari halina besi, kisha wanakwenda kununua sabufa, ilhali kilichohitajika kilikuwa ringi ya mbao ngumu au plastiki inayoshika spika bila mwanya, na karatasi nzito za kuzuia mtetemo zilizobandikwa kwenye bati la mlango. Ile nailoni iliyopo nyuma ya pambo la mlango, ambayo mafundi huichana kwa haraka na kuitupa, kazi yake ni kuzuia maji yanayoteremka kwenye kioo yasiingie ndani. Ikichanwa, spika mpya itaoza kama ile ya zamani, na pambo la mlango litavimba kabla masika hayajaisha.

Jambo jingine halina gharama yoyote. Spika mbili zikiunganishwa kinyume, moja ikisukuma huku nyingine ikivuta, besi hupotea na sauti ya mwimbaji huelea bila mahali pa kukaa. Nilimwambia mpwa wangu alete betri moja ya tochi, tukaigusisha kwenye nyaya za kila spika: karatasi ikiruka kwenda nje, waya ulioguswa na chanya ndio chanya. Spika ya kushoto ilikuwa imegeuzwa. Fundi aliyelipwa hakuwa amefanya jaribio hilo, kwa kuwa kioo kilikuwa kimeshawaka na mteja ameshatabasamu.

Kuhusu milima yetu, FM haipendi mawe, na ukizunguka nyuma ya Bugando au ukishuka upande wa Nyegezi stesheni itayumba hata kwa redio ya bei gani. Lakini kama gari lako lina antena ya kwenye kioo cha nyuma, antena hiyo ina kikuza mawimbi kinachohitaji umeme, na waya wa bluu wa redio mpya usipounganishwa nacho utakaa ukiilaumu stesheni bure.

Anayetaka nguvu kweli, na wapo wanaoitaka, basi anunue amplifaya halisi, ile ya kufungwa chini ya kiti au kwenye buti, ambayo ndani yake ina kifaa cha kuipandisha volti 14 ya gari na kwa hiyo inavunja ule ukuta wa wati 26 kihalali. Sina ugomvi na watu hao, isipokuwa wanapoegesha chini ya dirisha langu saa sita usiku. Wakati wa foleni za kivuko cha Kigongo nilishuhudia magari yao yakisukumwa kuingia pantoni kwa sababu muziki ulikuwa umemaliza betri injini ikiwa imezimwa. Siku hizi daraja limefunguliwa na starehe hiyo tumeikosa. Waya wa amplifaya unatoka kwenye betri yenyewe, si kwenye nyaya za redio, na hauna budi kuwa na fyuzi yake karibu kabisa na betri, ndani ya nusu mita, kwa sababu waya huo unapita kwenye bati lenye ncha kali, na ukichubuka pasipo fyuzi ni gari zima linalowaka. Fundi akikwambia kwamba fyuzi hiyo inapunguza sauti, chukua ufunguo wako uondoke, hata kama ameshafungua pambo la mlango.