Fomu ya Afya ya Kambi ya Likizo Imlinde Mtoto Kwanza

Likizo za Juni na Desemba zinapokaribia, matangazo ya kambi za kutwa za watoto huenea Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, na mzazi anayemwandikisha mwanawe hukabidhiwa fomu ambayo, kwa nyingi nilizozisoma, aya ndefu kuliko zote ni ile inayomwondolea mwandaaji lawama, huku afya ya mtoto ikitengewa mstari mmoja: "Je, mtoto ana ugonjwa wowote? Ndiyo/Hapana." Mzazi anayehofia mwanawe kukataliwa huweka alama kwenye "Hapana", wala simlaumu sana.

Chukulia mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nao duniani. Mtoto huyu anaweza kukimbia, kuchora na hata kuogelea, ilimradi msimamizi ajue kwamba maji baridi, uchovu na upungufu wa maji mwilini vinaweza kumletea maumivu makali ya mifupa; kwamba atolewe bwawani mapema, akaushwe na kuvalishwa papo hapo; na kwamba anywe maji mara kwa mara bila kuzuiwa kwenda chooni, kwa kuwa figo zake hupoteza maji mengi kuliko za wenzake. Homa ikifika nyuzi 38, asilazwe kwenye mkeka kumsubiri mama atoke kazini, bali apelekwe hospitali. Maelezo kama hayo hayawezi kuenea kwenye kisanduku cha "Ndiyo".

Kwa mwenye pumu, la kuuliza ni pampu iko wapi. Niliwahi kuona kambi ambayo dawa zote hufungiwa kabatini na ufunguo hukaa kwa mhasibu (ambaye, bila shaka, hutoka kwenda benki). Vidonge na vifungiwe, lakini pampu ya kufungua njia ya hewa inapaswa kuwa kwa mtoto mwenyewe au kwa msimamizi wa kundi lake, hadi uwanjani. Mwenye kifafa naye asiingie majini bila mtu mzima anayemwangalia yeye peke yake.

Kadi ya kliniki nayo ikaguliwe, hasa chanjo ya surua na rubella, ambayo hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18, maana dozi ya pili ndiyo husahaulika zaidi.

Ningependa fomu ianze na ahadi ya maandishi kwamba kutaja ugonjwa hakutakuwa sababu ya kumkataa mtoto, kisha iulize anatumia dawa gani na saa ngapi, dalili zipi ni za hatari, na nani apigiwe simu mzazi asipopatikana. Nakala ibaki mikononi mwa anayeshinda na watoto. Wapo waandaaji watakaojitetea kwamba hawamudu kuajiri muuguzi. Basi waseme hivyo kabla ya kupokea ada, na wataje kituo cha afya watakachomkimbizia mtoto, pamoja na gari litakalompeleka.