Kinga ya kuzaliwa nayo isisahauliwe
Makala kuhusu chanjo ninayoijibu hapa imeeleza vizuri jinsi chanjo zinavyouandaa mwili kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazonasa vimelea vya magonjwa, lakini inamwacha msomaji akidhani kwamba kabla ya kingamwili hizo kupatikana mwili hauna silaha yoyote. Ukweli ni kwamba kingamwili dhidi ya kimelea kipya huchukua siku kadhaa kutengenezwa, na katika muda huo wote mapambano huendeshwa na kinga tuliyozaliwa nayo. Ngozi, kamasi na asidi ya tumboni huzuia vimelea vingi visiingie kabisa. Machozi nayo yana lisozimu, kimeng'enya kinachobomoa kuta za bakteria, ambacho mwanasayansi Alexander Fleming alikieleza mwaka 1922, miaka kadhaa kabla ya kugundua penisilini, dawa ya kuua bakteria iliyompa umaarufu.

Kimelea kikipenya, kwa mfano kupitia jeraha, seli zilizomo ndani ya tishu hukitambua kwa alama ambazo seli zetu hazina, kisha hutoa kemikali zinazotanua mishipa midogo ya damu na kuita seli nyeupe za damu aina ya neutrofili, ambazo humeza bakteria na kuwaua, na nyingi hufa katika kazi hiyo. Usaha, ambao wengi huuona kuwa uchafu tu, kwa sehemu kubwa ni mabaki ya seli hizo. Wekundu, joto na uvimbe, basi, ni dalili za ulinzi unaofanya kazi, ingawa ulinzi huohuo ukivuka mpaka, kama inavyotokea katika sepsisi, yaani pale mwitikio wa mwili dhidi ya maambukizi unapoanza kudhuru viungo vyake wenyewe, huweza kumuua mgonjwa, jambo ambalo mwandishi wa makala hiyo angefaa kuligusia.