Yai la bata limetoboka lakini kifaranga hatoki: tumsaidie au tumwache?

Kifaranga wa bata ametoboa ganda tangu jana jioni. Asubuhi tundu ni lile lile, dogo kama punje ya mchele. Ncha ya mdomo inaonekana kwa ndani, na ukiinamia mashine ya kutotoleshea unamsikia akilia. Hapo ndipo mfugaji anaposhika kibano. Wapo wanaosema usiguse kabisa, kwani aliyeshindwa kutoka ni dhaifu na kumwokoa ni kujitafutia ndege mgonjwa. Wengine wanaona kumwacha kiumbe afie ndani ya ganda huku unamsikia ni ukatili. Mimi naegemea kusubiri, na sababu yangu imo ndani ya yai lenyewe.

Wengi hudhani kifaranga aliyetoboa ganda yuko tayari kutoka. Hayuko tayari. Mayai ya aina nyingi za bata huchukua siku 28 hivi, na mwishoni mambo huenda kwa hatua. Kwanza kifaranga hupenya utando wa ndani na kuingiza mdomo kwenye chumba cha hewa kilicho upande butu wa yai, na mapafu huanza kazi hapo. Hewa ile ikizidi kuchafuka, hutoboa ganda. Kisha hutulia. Utulivu huo ndio unaotutia hofu, kumbe ndani damu iliyokuwa ikizunguka kwenye mishipa ya utando inarudi mwilini, na kiini kilichobaki kinavutwa tumboni kupitia kitovu. Kwa bata, tangu tundu la kwanza hadi kutoka zinaweza kupita saa 24, hata 48. Kuku kwa kawaida huwahi zaidi, ndiyo maana aliyezoea kuku huingiwa na wasiwasi mapema.

Niliwahi kumenya yai saa kama 14 baada ya tundu la kwanza. Kipande cha tatu cha ganda kilipobanduka, mstari mwekundu mwembamba kama uzi ulijitokeza kwenye utando, mara ukawa tone, mara matone. Nilibana kwa pamba hadi damu ikakata, lakini kiini kilikuwa bado kinaning'inia kitovuni kama kifuko cha njano. Alikufa usiku ule. Hakuwa na udhaifu wowote niliouona. Mkono wangu ndio uliomuua.

Pamoja na hayo, hoja ya kwamba dhaifu aachwe siikubali yote, kwa sababu wengi wanaokwama si dhaifu. Mashine ikifunuliwa mara kwa mara siku hizo za mwisho, unyevu hutoka, utando hukauka na kumng'ang'ania kifaranga manyoya. Ili atoke ni lazima azunguke ndani ya ganda akilikata pole pole kwa jino dogo lililo nchani mwa mdomo. Aliyegandishwa na utando hazunguki, hata awe na nguvu kiasi gani. Wapo pia waliolala vibaya, kichwa kikiwa upande mwembamba ambako hakuna chumba cha hewa. Kuwahesabu hawa kuwa ni wa kufa kwa sababu ya kosa letu, au ya mkao tu, si haki.

Basi kinachoamua ni utando. Ulowanishe kidogo kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, nao utapitisha mwanga. Ukiona mishipa myekundu, rudisha yai na ufunge mashine. Ukimwona anafumbua na kufumba mdomo kama anayetafuna, mwache pia, kwa kawaida hajamaliza kiini. Mishipa ikiwa imekauka, saa zimepita na hasogei, anza upande wa chumba cha hewa, bandua kidogo, pumzika saa nzima, utazame tena. Sehemu ya mwisho mwachie aisukume mwenyewe, maana kiini au kitovu kikiwa bado hakijafunga, kumvuta ni kumchana.

Msaada mmoja nauona hauna ubishi mkubwa. Yai likimulikwa kwa tochi na kuonekana kwamba kifaranga ameingia kwenye chumba cha hewa zaidi ya siku nzima bila kutoboa ganda, kitundu cha ncha ya sindano juu ya chumba hicho humpa pumzi bila kumharakisha. Kitoboe ganda tu, utando wa ndani usiguswe.

Wanaopinga kusaidia wana hoja moja nzito, ya kuzalisha: udhaifu unaweza kurithiwa. Bata niliyemsaidia bila kujua kwa nini alikwama namlea, ila simweki kwenye kundi la mbegu. Wakikwama wengi kwa mpigo, joto na unyevu wa mashine vichunguzwe kwanza.

Bado kuna jirani za huyo aliyekwama. Kifuniko kikifunuliwa kwa ajili ya mmoja, unyevu unawatoka wote, na waliotoboa jana hiyo hiyo wanaanza kukaukiwa. Kwa hiyo mayai mengine yakiwa yametoboka, huandika saa kwa penseli kando ya kila tundu, nikafunga kifuniko na kuwatazama kupitia kioo.