Katebe: adhabu inayotangulia hukumu

Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kumhukumu raia. Mwezi Mei Bunge likajibu kwa sheria mpya, na tangu hapo tunabishana juu ya raia tu. Askari, ambaye mahakama hizo ni zake tangu mwanzo, hatajwi. Kumbe yeye huumia hata kabla hajasimama mbele ya meza ya Makindye, iliko mahakama kuu ya kijeshi.

Kila mwanajeshi wa UPDF, jeshi la Uganda, anaijua katebe. Neno limetoka Luganda, kiti kidogo, na maana yake ni kuketi bila kazi: cheo unacho, mshahara unaingia, lakini hujapangiwa kikosi wala ofisi. Kuna wanaoketi kwa sababu nafasi ni chache. Ila afande akishakuwa na kesi, hata ya tuhuma tu, mesej ya redio ya uhamisho aliyokuwa akiingoja huenda isije kabisa.

Makamanda wana hoja, na ni nzito. Tarehe 26 Mei 2023, Al-Shabaab waliposhambulia kambi yetu ya Buulo Mareer huko Somalia, tulizika wanajeshi 54, na Rais akasema mameja wawili waliwaamuru askari warudi nyuma. Baada ya msiba kama huo, nani atamkabidhi kombania mtu ambaye uaminifu wake unachunguzwa? Kumweka pembeni wakati uchunguzi ukiendelea ni tahadhari ya haki.

Lakini tahadhari ina mwisho, nayo katebe haina. Henry Tumukunde alikamatwa mwaka 2005 akiwa brigedia, hukumu ikatoka 2013, na adhabu yenyewe ilikuwa karipio kali. Miaka minane kwa karipio! Mwaka 2015 alipandishwa hadi luteni jenerali na kustaafishwa papo hapo. Jenerali Kale Kayihura alikamatwa Juni 2018, akashtakiwa Agosti, na 2023 mashtaka yakaondolewa bila mahakama kusema kama alikosa au hakukosa. Mwaka huohuo akastaafu. Mtu anaweza kuwapenda au kuwachukia wawili hao. Mimi nahesabu miaka tu. Miaka ya kuongoza kikosi hairudishwi na karatasi ya kufuta mashtaka.

Na hao ni majenerali, wenye mawakili na magazeti ya kuwasemea. Mfikirie koplo wa kambi ya Bombo aliyegombana na mkubwa wake, akaandikiwa shtaka la utovu wa nidhamu. Jina lake likiondolewa kwenye orodha ya wanaokwenda misheni ya Umoja wa Afrika nchini Somalia, hesabu ni hii: kabla Umoja wa Ulaya, uliokuwa ukilipia posho hizo, haujapunguza fedha zake mwaka 2016, posho ya misheni ilikuwa dola 1,028 kwa mwezi, na mkononi zilifika 828 baada ya makato ya serikali. Hiyo ndiyo iliyonunua ploti, ikaezeka nyumba ya wazazi, ikalipa karo. Kwa kiwango hicho, koplo anayekosa zamu moja ya mwaka mzima amepoteza karibu dola 10,000, na hakuna hakimu aliyemtoza faini hiyo. Akija kuachiliwa, zamu imekwisha, wenzake wamerudi na mabati yao, na bodi ya vyeo inakuta kwenye faili lake mwaka mtupu.

Wengine husema jeshi si ofisi ya kawaida, na anayevaa sare amekubali ugumu. Ni kweli, na askari wenyewe husema hivyo. Walichokubali ni adhabu ya kosa lililothibitishwa. Nionavyo, kumwondoa mtuhumiwa kazini kuwe na muda ulioandikwa, miezi sita kwa mfano, na baada ya hapo kamanda aeleze kwa maandishi kwa nini bado anamhitaji akae. Aliyeachiliwa naye apewe nafasi ya kwanza katika zamu inayofuata, na muda wake wa katebe uhesabiwe kama utumishi pale bodi inapopima nani apande cheo.