Usibonyeze "jaribu tena" kabla ya kusoma kosa la kwanza

Kiraka (sasisho la kurekebisha programu) kikigoma kuingia kwenye seva, wasimamizi wengi hukimbilia kitufe cha kujaribu tena. Napinga tabia hiyo. Jaribio la pili mara nyingi hukwama kwa sababu ya mabaki ya la kwanza, na kosa halisi hufukiwa chini ya makosa yaliyozaliwa nalo.

Dashibodi husema tu kwamba usakinishaji umeshindikana. Ingia kwenye seva yenyewe usome logi (kumbukumbu za matukio): /var/log/apt/term.log kwa Debian na Ubuntu, /var/log/dnf.log kwa jamii ya Red Hat, C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log kwa Windows Server. Tafuta kosa la kwanza kwa saa, si la mwisho.

Kwenye Ubuntu, mshukiwa wangu wa kwanza ni /boot, sehemu ya diski yenye faili za kuwashia mfumo. Sehemu hiyo ikitengwa peke yake huwa ndogo, na keneli (viini vya mfumo endeshi) kuukuu huijaza. Kiraka cha keneli kikifika, initramfs (faili inayosaidia keneli kuwaka) hukosa pa kuandikwa, dpkg (programu inayosakinisha vifurushi) huacha kifurushi kikiwa nusu, na vifurushi visivyo na hatia navyo huanza kulalamika. Pima kwa df -h, kisha df -i, maana inodi (nafasi za kuorodhesha faili) zinaweza kuisha na nafasi bado ipo. Hakikisha unaijua keneli inayotumika kwa uname -r, endesha apt autoremove --purge kuondoa zisizohitajika, halafu dpkg --configure -a kumalizia kilichoachwa nusu. Kufuta faili za /boot kwa rm ni kujitafutia balaa: dpkg itaendelea kuamini kuwa zipo.

Kuna ushauri mmoja unaonikera hasa: eti ukiambiwa /var/lib/dpkg/lock-frontend (faili ya kufuli la dpkg) imeshikiliwa, futa faili hiyo. Hapana! Mara nyingi ni unattended-upgrades, programu ya masasisho ya kiotomatiki, inafanya kazi yake. Namba ya mchakato imo kwenye ujumbe wenyewe. Iangalie kwa ps -fp, kisha subiri. Ukifuta kufuli, michakato miwili inaweza kuandika kwenye hifadhidata moja kwa wakati mmoja.

Apt ikidai faili ya Release ya hazina ya vifurushi haijaanza kuwa halali, tazama saa ya seva kwa timedatectl.

Kwa Windows, 0x80070070 ni diski iliyojaa. 0x80073712 ni hitilafu kwenye ghala la vijenzi (hifadhi ya faili za mfumo): endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ndipo sfc /scannow. Mpangilio huo una maana, kwa sababu sfc huchota faili safi kutoka ghala lilelile. DISM ikirudisha 0x800f081f, imekosa chanzo cha faili. Ielekeze kwa /Source kwenye diski ya usakinishaji ya toleo lilelile, na uongeze /LimitAccess ili isiende kuuliza WSUS (seva ya shirika ya masasisho ya Windows).

Kuna pia kiraka kinachoonekana kimefaulu ilhali hakijaanza kazi. Kwenye Windows, msimbo 3010 maana yake kimeingia lakini seva inangoja kuwashwa upya. Kwenye Linux, keneli mpya iliyoko diskini hailindi chochote mpaka uname -r iitaje. OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, nayo ni hivyohivyo: huduma iliyokuwa ikiendeshwa hubaki na maktaba ya zamani kwenye RAM hadi ianzishwe upya. Kwa hiyo singefunga tiketi kabla ya kuona matokeo ya needs-restarting -r kwa jamii ya Red Hat, au kuhakikisha kwamba /var/run/reboot-required haipo kwa Debian na Ubuntu.