Usiku wa Dar Uachwe Uwe Usiku

Ukipitia picha za usiku wa Dar es Salaam zinazowekwa Instagram siku hizi, unaweza kudhani jiji hili halina usiku. Anga la Manzese ni la buluu kama saa kumi jioni, lami inang'aa kijivu, na nyuso za watu ni laini kama za sanamu za nta. Kazi hiyo yote imefanywa na modi ya usiku ya simu. Inapiga picha nyingi ndani ya sekunde moja hadi tatu, wakati mwingine zaidi, inaziunganisha ziwe moja, halafu inakiongezea mwanga kila kivuli. Kwa jengo lililosimama, haina ubaya. Kwa konda anayening'inia mlangoni mwa daladala, utapata mtu mwenye mguu mmoja na nusu. Na hata inapofanikiwa, imefuta kitu kilekile ulichokitokea nyumbani saa hizo.

Msimamo wangu ni kwamba mpiga picha wa mtaani hana sababu ya kupambana na giza. Atafute taa, asimame karibu nayo, na kilichobaki akiache kizame. Wanaoanza hufanya kinyume. Wanazunguka kilomita nzima wakimfukuzia mtu mwenye sura au vazi la kuvutia, wanampata akiwa kwenye kiza kati ya nguzo mbili, kisha lawama inaangukia kamera. Watu hawajawahi kupungua Kariakoo wala Sinza. Mwanga mzuri ndio wa kutafuta, na ukishaupata, watu watakuja wenyewe.

Mwalimu bora wa mwanga huo ni kabati la vioo la muuza chipsi. Taa iko ndani, usawa wa kifua, na inamwangaza muuzaji kutoka mbele na chini kidogo. Mwanga wa balbu ya namna hiyo hushuka haraka sana: ukitoka nusu mita kutoka kwenye taa hadi mita moja, unabaki na robo, ukifika mita mbili, sehemu moja ya kumi na sita. Ndiyo maana mteja anayeinama kuonyesha yai analolitaka anang'aa usoni, na aliyesimama nyuma yake ni kivuli kitupu. Simama upande, mita mbili hadi tatu, ukiliangalia kabati kwa mshazari. Ukisimama mbele kabisa utajipiga mwenyewe kwenye kioo. Jiko la mkaa la mishkaki pembeni ni zuri kwa macho lakini peke yake halitoshi. Makaa yatatokea mekundu na mchomaji atapotea. Tafuta jiko lililo chini ya balbu, au subiri mafuta yadondoke na moto uruke.

Sehemu nyingine zenye mwanga wa kuaminika ni milango ya maduka ya simu Kariakoo, ambako taa nyeupe humwagika hadi barabarani, na vituo vya mwendokasi kwenye Barabara ya Morogoro. Basi lililosimama kituoni usiku ni chumba chenye taa na madirisha marefu. Abiria wametulia, unao muda wa kuchagua. Daraja la waenda kwa miguu la Manzese linakupa barabara yote kutoka juu, lakini ni mahali ambapo kila mtu ameshapiga, na picha zake zinafanana.

Kuhusu saa: Dar iko karibu na ikweta, kwa hiyo giza halibembelezi. Juni jua huzama kama saa kumi na mbili na robo, mwanzoni mwa Februari linasogea hadi karibu saa moja kasoro dakika kumi, na kutoka hapo una takribani dakika 20 za anga lenye rangi. Dakika hizo ndizo pekee ambapo taa za maduka na anga vinalingana nguvu. Kama unataka jengo na anga lake kwenye picha moja, uwe umeshasimama mahali pako kabla jua halijazama. Kutafuta maegesho ya bajaji wakati huo ni kuzipoteza dakika hizo.

Sasa vipimo. Kwa kamera yenye lenzi ya milimita 28 au 35, anzia f/2 (upana wa tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, mwanga mwingi unaingia), shata 1/100 (sehemu ya sekunde ambayo kamera inapokea mwanga), ISO 3200 (wepesi wa kamera kuuona mwanga). Hapo utapata mtu anayetembea polepole chini ya taa ya barabarani. Karibu na kabati la chipsi au mlango wa duka, ISO 800 inatosha. Kisha, kama umeiachia kamera ichague shata au ISO yenyewe, shusha fidia ya mwangaza (alama ya +/-) hadi -1, hata -1.7. Kamera ikiona giza tele hudhani kuna kasoro, ikaliongezea mwanga mpaka liwe kijivu, na balbu inageuka doa jeupe lisilo na kitu ndani. Doa hilo halirudishiki. Kivuli unaweza kukiinua kidogo baadaye ukilazimika, hasa ukipiga faili za RAW, yaani faili ghafi ambazo kamera haijazichakata. Usiogope chembechembe za ISO 3200 au 6400. Picha iliyotikisika inakera kuliko picha yenye chembe.

Wengi wamesoma kwamba mpiga picha wa mtaani aweke fokasi (umbali ambao picha inatoka kali) kwa mkono kwenye umbali mmoja na asiiguse tena. Mchana ni kweli. Lenzi ya milimita 28 kwenye kamera ya fulu-fremu (ambayo kitambuzi chake, ile sehemu inayopokea mwanga, kina ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35), f/5.6, fokasi mita mbili na nusu, inakupa ukali kuanzia kama mita 1.6 hadi zaidi kidogo ya mita 5. Usiku, kwa f/2, lenzi hiyohiyo inakuachia kuanzia mita 2.1 hadi 3.1. Hiyo ni hatua moja ya mtu mzima. Kwa hiyo mbinu hii usiku inafanya kazi tu ukiwa umesimama na watu wanapita mahali unapopajua, mfano pale pale mbele ya kabati. Ukiwa unatembea, iachie kamera ifokasi yenyewe, na uilenge kwenye ukingo wenye tofauti kali ya mwanga, kama kola ya shati au kofia, badala ya katikati ya giza.

Nimetaja 1/100 kwa makusudi, wala sikusema 1/125. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu hupanda na kushuka mara 100 ndani ya sekunde hiyo moja. Ukipiga kwa 1/500 unakamata kipande tu cha mzunguko: picha moja angavu, inayofuata imefifia, au mistari meusi inakatiza uso wa mtu. Kwa 1/100 au 1/50 kila picha inapata mzunguko mzima. Shata ya kielektroniki, ile isiyo na sauti, huongeza tatizo kwa sababu kitambuzi husomwa mstari kwa mstari. Kama kamera yako ina shata ya kawaida, ile ya mapazia yanayofunguka na kufunga, itumie. Mabango ya LED yenye maandishi yanayokimbia yana mwendo wao, na hapo mara nyingi inabidi ushuke hadi 1/50 au 1/25.

Mwenye simu asijione ameachwa. Futa kwanza lenzi kwa kitambaa cha pamba, kwa sababu ile michirizi mirefu inayotoka kwenye kila taa mara nyingi ni mafuta ya vidole. Zima modi ya usiku. Tumia lenzi kuu, maana ile pana zaidi na ile ya kuvuta kwa kawaida zina vitambuzi vidogo na gizani huchoka haraka. Gusa sehemu angavu kwenye kioo cha simu, shikilia mpaka ijifunge, kisha vuta alama ya jua chini hadi uone rangi ya balbu imerudi. Kama simu ina modi ya Pro, ile ya kuweka vipimo mwenyewe, weka 1/50 na ISO isiyozidi 1600. Na simu ishikwe kwa mikono miwili, mgongo ukiwa ukutani, mbali na ukingo wa barabara. Wakwapuzi wa bodaboda wanapenda mtu aliyenyoosha mkono mmoja juu ya lami huku akitazama kioo.

Joto la Dar nalo lina vituko vyake. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi ukafungua begi nje, lenzi itajaa ukungu papo hapo. Ifungie kamera ndani ya mfuko wa plastiki, iache izoee joto kwa dakika 20 hadi 30 kabla ya kuitoa. Msimu wa masika usikae ndani: lami yenye maji huirudisha kila taa mara mbili, na miavuli ni miundo ya bure. Mwavuli wako pia unahitajika.

Baa na kumbi za muziki ni habari nyingine. Taa nyekundu au ya buluu tupu hujaza rangi moja tu ya kitambuzi, uso ukawa bapa lisilo na pua wala mashavu. Shusha mwangaza zaidi, au subiri sekunde ambayo taa nyeupe inapita. Ukishindwa kabisa, igeuze picha nyeusi na nyeupe, hakuna aibu. Usielekeze kamera kwenye miale ya leza, inaweza kuunguza kitambuzi. Flashi nakubaliana nayo humo ndani tu, na kwa wanaojua unapiga: f/5.6, ISO 800, shata 1/15, flashi ipigwe mwishoni, shata ikikaribia kufunga. Uso unaganda na taa za nyuma zinachora mistari. Flashi usoni mwa mtu asiyekutarajia, kwenye kichochoro usiku, ni ukorofi, hata kama kuna waliopata sifa kwa kufanya hivyo huko New York.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaohubiri kupiga kwa siri. Usiku mtu ana sababu zake za kuwa alipo. Nchini Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data alikitoza faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kilabu kimoja cha Nairobi kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na si suala la sheria pekee. "Shikamoo mama, naomba nipige kabati lako na wateja" huchukua sekunde tatu, halafu unapata saa nzima ya kusimama pale bila mtu kukushuku. Baada ya dakika kumi wanasahau kuwa upo, na sura zinarudi kuwa za kawaida. Anayegoma, usimpige. Polisi, askari, kambi na bandari uziache kabisa, na ukiwa Feri kumbuka Ikulu haiko mbali na pale.

Malick Sidibé, mpiga picha wa Mali aliyepiga sherehe za vijana wa Bamako miaka ya 1960, alikuwa akirudi studio usiku uleule, anasafisha filamu, kisha anabandika picha ndogondogo nje ili waliopigwa waje wachague zao. Kwetu leo kazi hiyo inafanywa na WhatsApp. Muuza chipsi akikupa namba yake, mtumie picha kama dokumenti, maana ukiituma kama picha ya kawaida itabanwa, na kwenye giza ndiko mbano huonekana kwanza: vivuli vinakatika vipandevipande. Mpelekee kesho yake, kabla hajahama kona.